Mgeni Mwanza kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo inapokaribia simu zinaanza: shemeji anakuja kumwona mgonjwa hospitali ya Bugando, rafiki ana usaili, mwingine anataka tu kuona ziwa. Maswali yao yanafanana, na majibu nimeyaweka hapa. Sijayapanga kwa umuhimu.

Nakuja kwa basi. Nishukie wapi?

Kwanza useme unatoka wapi. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, kwa hiyo mji umejinyoosha kufuata barabara kuu tatu, na zote zinakutana mjini kati. Barabara ya Kenyatta inakwenda kusini: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, hadi Usagara. Ya Nyerere inakwenda mashariki: Mabatini, Nyakato, Igoma, Kisesa, halafu Magu, Bunda na Musoma. Ya Makongoro inakwenda kaskazini: Kirumba, Pasiansi, Ilemela na uwanja wa ndege. Ukizishika hizo tatu kichwani, hupotei. Mtu akikutajia mtaa usioujua, muulize uko barabara ipi.

Basi la Dar es Salaam, Dodoma, Singida au Shinyanga litakushusha stendi ya Nyegezi. La Musoma, Tarime au Sirari litakushusha Nyamhongolo. Wapo watakaokutajia Buzuruga, kwa kuwa ndiyo ilikuwa stendi ya upande huo kabla ya Nyamhongolo. Nyegezi na Nyamhongolo zote ziko nje ya mji kati, na ziko mbali baina yao. Ukimwambia mwenyeji wako "nipokee stendi" bila kutaja ipi, mtatafutana mchana kutwa.

Anayetoka Geita, Sengerema au Bukoba sasa anapita Daraja la Magufuli, kutoka Busisi hadi Kigongo. Lina urefu wa kilomita 3 na lilizinduliwa Juni 2025. Kabla ya hapo tulikuwa tunasubiri kivuko, na foleni ikiwa mbaya unanunua mahindi ya kuchoma, unamaliza, unanunua mengine. Sasa ni dakika chache tu, ingawa wachuuzi wa Kigongo hawana hamu ya kulisifia daraja hilo.

Je, ndege au treni?

Ndege ya Dar es Salaam inachukua kama saa moja na nusu, na uwanja uko kilomita 10 hivi kutoka mjini. Omba kiti cha dirishani.

Treni ya mwendokasi tangu 2024 inakufikisha Dodoma, na kutoka hapo unaunganisha na basi. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, bado kinajengwa, kwa hiyo ukiona reli imechorwa kwenye ramani usidhani kuna behewa juu yake. Reli ya zamani ya kupitia Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni ya mtu asiye na haraka.

Nilale upande gani wa mji?

Wengi wanachagua hoteli kwa picha ya ziwa. Mimi ningechagua kwa barabara nitakayoondokea. Basi lako likiwa la alfajiri kutoka Nyegezi, kulala Pasiansi ni kujitafutia nauli ya bodaboda ya saa tisa usiku. Mwenye ndege alale Kirumba au Pasiansi. Mwenye shughuli chuo kikuu cha SAUT alale Nyegezi au Malimbe. Asiye na haraka na mfuko wake uko vizuri aende Capri Point, kwenye utulivu na maji pande zote. Wengine wote, mjini kati panawatosha.

Kabla hujalipa uliza maswali mawili. La kwanza: gari linafika mlangoni? Mwanza nyumba nyingi zimepanda juu ya mawe, na ipo mitaa ya Mabatini, Igogo na Isamilo ambako bodaboda inakuacha chini, unabaki wewe, begi lako na ngazi za mawe. Mandhari ya huko juu ni nzuri mno, hasa usiku taa zikiwaka, lakini mama mwenye magoti mabovu hayataki mandhari hayo. Swali la pili: chini ya gesti kuna baa? Kama ipo, omba chumba cha nyuma.

Angalia pia ratiba ya Ligi Kuu. Pamba Jiji ikiwakaribisha Simba au Yanga pale CCM Kirumba, gesti za jirani hujaa mapema na bei hupanda.

Daladala, bajaji au bodaboda?

Kwa barabara zile tatu, panda daladala. Ni Hiace, zina jina la njia mbele, na kondakta atakuita hata kama hukuwa na safari. Nauli muulize abiria jirani, usimuulize kondakta. Hela ndogondogo uwe nazo mkononi, maana ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi utaambiwa "chenji baadaye", na baadaye hiyo inaweza ikakukuta umeshashuka.

Bajaji inafaa ukiwa na mizigo. Bodaboda ndiyo inayopanda vilima, ila patana bei kabla hujakaa na udai kofia ngumu. Kuelekeza, taja alama zinazojulikana: Samaki (mzunguko wenye sanamu ya samaki mjini kati), Makoroboi, Mlango Mmoja, Rock City Mall, Kamanga. Namba ya nyumba haitakusaidia kitu.

Tiketi imeandikwa 06:00. Ni saa ngapi hiyo?

Saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi za mtandao zinachapa saa za kizungu, lakini wakala akikwambia kwa mdomo atakutajia saa za Kiswahili. Mwambie aongeze "asubuhi" au "usiku" ndipo mwachane.

Naweza kuogelea ziwani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu haliwafurahishi watu: ziwa lifurahie ukiwa nchi kavu au juu ya chombo. Tatizo kubwa ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Si lazima unywe maji, kukanyaga tu kunatosha. Kichocho cha huku mara nyingi ni cha tumbo: wiki kadhaa baadaye tumbo linauma, unahara, pengine unaona damu kwenye choo. Ukiwa umesharudi kwenu Dodoma, daktari anaweza asikifikirie. Mwambie waziwazi kwamba uligusa maji ya Ziwa Victoria. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu, kwa hiyo usikae na hofu, kapime.

Watu huuliza: mbona watoto wa pale mwaloni, mitumbwi ya samaki inapotia nanga, wanaoga kila siku na hawapati? Wanapata.

Kuna mamba na viboko pia kwenye baadhi ya fukwe. Ukilala kwenye hoteli ya ufukweni uliza wenyeji wanaoishi jirani, usimuulize mtu wa mapokezi pekee. Kama hamu ya kuogelea imekushika kabisa, tafuta hoteli yenye bwawa.

Na malaria? Kuna baridi?

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wageni wa Arusha na Nairobi hudhani urefu huo unawalinda na mbu. Hauwalindi. Kanda ya Ziwa ina malaria ya kutosha. Lala ndani ya chandarua, na homa yoyote baada ya safari kapime siku hiyohiyo. Maji kunywa ya chupa au yaliyochemshwa.

Joto la hapa halichoshi kama la Dar, na jioni upepo wa ziwa unapoza. Juni hadi Septemba ni kukavu. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, beba mwavuli. Mvua ya Mwanza huja na radi za maana, na maji yakishuka kutoka kwenye mawe mitaro haiyamudu, kwa hiyo usijaribu kuvuka. Viatu vyenye soli ya kushika ni bora kuliko vya kupendeza.

Nile samaki gani, na niagizeje?

Sato. Kama una mlo mmoja tu Mwanza, ule uwe sato, mzima, na kichwa chake. Sangara ni mkubwa, nyama yake nyeupe haina miiba midogo, na ndiye anayekwenda viwandani kukatwa minofu ya kusafirishwa nje. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wengi walipungua au kutoweka kabisa. Mabaki yake ya kiwandani, yaani kichwa na mifupa, ndiyo mapanki, hukaangwa na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Mabondo yake, kile kifuko cha hewa tumboni, hukaushwa na kuuzwa nje kwa bei inayozidi nyama yenyewe mara nyingi. Kayabo ni samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa juani, na usimle bila kumloweka kwanza.

Kwenye mgahawa mzuri wa kawaida unaonyeshwa samaki akiwa mbichi. Usione haya, mkague. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama. Bonyeza ubavu kwa kidole, na ikibaki shimo mrudishe. Kisha, kabla hajaingia kwenye mafuta, taja bei, kwa sababu samaki akishakaangwa huna tena la kujadili. Akikaangwa mbele yako ni mtamu, akibanikwa ni mtamu zaidi, lakini mchemsho wake, wenye nyanya, limao na pilipili mbichi, ndio wa kumpa mtu aliyesafiri usiku kucha. Kula na ugali. Ukiona ugali mweusimweusi unaonata, huo ni wa muhogo; jaribu, angalau tonge mbili.

Sato aliye chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa. Akikuuzia mtu vidogo vya kuficha chini ya meza, achana naye.

Sokoni ulizia pia michembe na matobolwa. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe hukaushwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Matobolwa na chai ya maziwa asubuhi, hapo nchi imetulia.

Dagaa ninunue wapi?

Kirumba, soko la Mwaloni. Ni soko la kimataifa hasa: utakuta wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Kenya, na magunia yamepangwa hadi huoni mlango. Nenda asubuhi, vaa nguo usizozionea huruma.

Bei ya dagaa inafuata mwezi wa angani. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na dagaa hufuata mwanga gizani. Mbalamwezi ikitoka taa haziwavuti tena, hivyo siku hizo mitumbwi hupumzika na dagaa wapya huadimika. Ukija wakati wa giza, tembea ufukweni baada ya saa mbili usiku uangalie taa zao zilivyotapakaa upande wa ziwa, utafikiri kuna mji mwingine ng'ambo.

Kuchagua ni hivi. Chota kiganja, wanuse, kisha tafuna mmoja. Ukisikia mchanga kwenye meno, walianikwa chini. Waliokaushwa juu ya chanja ni safi na wanang'aa kama fedha, na bei yao iko juu kidogo. Lipa hiyo tofauti. Wanaopakiwa na mama wa sokoni kwa sado mara nyingi wana ziada kidogo juu ukizungumza naye vizuri, kwa hiyo anza na salamu kabla ya bei.

Nina siku moja tu. Nione nini?

Jiwe la Bismarck, mwamba uliosimama majini, litakuwa la kwanza kwenye orodha yoyote utakayopewa. Liko jirani na kivuko cha Kamanga, unaliona, unapiga picha, dakika tano zimetosha. Nikiwa na mgeni nampeleka kisha tunapanda kivuko cha Kamanga chenyewe, tunavuka na kurudi nacho. Kwa nauli ya abiria wa kawaida unauona mji wote kutoka majini: mawe, Capri Point, paa za Igogo, na Bugando juu ya kilima chake. Wenye boti za kukodi hawatakwambia hili.

Baada ya hapo nenda Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kisiwa cha mawe ambacho boti inakufikisha haraka kutoka Capri Point, kwenye ofisi ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa. Kuna pundamilia, swala, nyani wadogo, na pimbi wanaoota jua juu ya miamba bila kujali mtu. Jina ni la Mzee Saanane, aliyekuwa akiishi huko kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama miaka ya 1960. Ada hailipwi kwa fedha taslimu, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu au kadi.

Mchana pita Makoroboi kwa nguo, vyombo na kila kitu kingine. Simu iweke mfuko wa mbele.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada. Ngoma zipo, na ukibahatika kuja mwezi Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, utakuta makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanashindana. Baadhi ya wachezaji hucheza na nyoka. Simama mbali kadiri roho yako inavyotaka.

Ukerewe nafikaje? Meli ni salama?

Meli na boti za Nansio zinatoka bandari ya Mwanza Kaskazini, mjini. Kwa meli ya kawaida ni kama saa tatu. Njia nyingine ni ya barabara: Bunda, Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Ni ndefu, ila inamfaa mwenye gari au mwenye kuogopa maji. Ukiwa Ukerewe na una muda, vuka hadi Ukara ukaone jiwe linalocheza. Bukoba inafikika kwa MV Victoria, kupitia Kemondo, safari ya usiku.

Kuhusu usalama, watu wa hapa hawalichukulii swali hilo kimzaha. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na makaburi ya waliofariki yako Igoma. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kuliko uwezo wake. Kwa hiyo kata tiketi kwa jina lako halisi, usipande kwa tiketi ya mtu mwingine, kwa kuwa orodha ya abiria ndiyo itakayoulizwa. Ukiingia, tazama jaketi okozi ziko wapi na ujue inavyofungwa. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wanakaa juu ya magunia, shuka. Kuna kingine kesho.

Serengeti iko karibu?

Karibu kuliko wengi wanavyodhani. Lango la Ndabaka liko kama kilomita 140 kwenye barabara ya Musoma, ukishapita Lamadi. Basi litakushusha getini, lakini ndani huingii kwa miguu, kwa hiyo mtafute mwenzako mchange gari. Ondokeni Mwanza kabla hapajapambazuka.

Lazima nijue Kisukuma?

Hapana, Kiswahili kinatosha, na mji una Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya na Wajaluo. Ila mama wa sokoni ukimwambia "mwangaluka mayu" asubuhi, au "mwadila mayu" mchana, na "wabeja" baada ya kupewa chenji, utahudumiwa tofauti. Usiigize lafudhi ya Kisukuma kwa kutania. Vichekesho vya redioni viishie redioni.

Natoka Kenya. Kuna la ziada?

Badilisha fedha dukani au benki, usibadilishe na vijana wanaokukimbilia Sirari. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, nenda na pasipoti kwenye duka la mtandao wenyewe, kisha pesa za simu zitakufanyia kila kitu, mpaka kwa muuza samaki mwenye lipa namba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Matatu hapa ni daladala, na "niaje" jaribu "mambo", lakini kwa mkubwa wako ni "shikamoo" bila kujadili.

Nikiugua au nikiibiwa?

Polisi ni 112, zimamoto 114. Hospitali kubwa ni Bugando, na ya rufaa ya mkoa ni Sekou Toure, zote ziko mjini. Usitembee peke yako usiku kwenye vichochoro vya mawe, hata mwenyeji hapendi. Bandarini uliza kabla ya kupiga picha.

Nitabebaje samaki hadi nyumbani?

Nunua siku moja kabla, usinunue asubuhi ya safari. Waparwe magamba na watolewe matumbo palepale, kisha omba hoteli au muuzaji awagandishe usiku kucha. Asubuhi wafunge kwa magazeti, tabaka juu ya tabaka, ndani ya boksi linalozuia joto, halafu zungushia utepe wa gundi hadi maji yasipate pa kutokea. Kwa ndege, mwambie mtu wa mizigo kwamba ni samaki kabla hajauliza, maana boksi linalovuja litaachwa. Kwa basi la kwenda mbali sitegemei barafu: wakaange wakauke, au nunua waliobanikwa. Mabasi mengine hayapokei samaki kabisa. Uliza siku unayokata tiketi, na boksi liandike jina na namba yako ya simu pande zote mbili, kwa sababu Nyegezi alfajiri kila mtu ana boksi la samaki.